Vitamutamu vya sherehe ya kufunga shule visivyowaumiza wazazi mfukoni

MUHULA wa tatu unapokaribia kumalizika mwishoni mwa Oktoba, wazazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hujikuta wakidaiwa mchango mmoja zaidi juu ya ile waliyokwisha kuitoa mwaka mzima. Huo ni mchango wa sherehe ya watoto ya kufunga shule. Katika shule za chekechea sherehe hiyo siku hizi huitwa mahafali, na watoto wa miaka mitano huvishwa joho na kofia mithili ya wahitimu wa chuo kikuu.

Mzazi anayeishi kwa kibarua cha bandarini au kwa kuuza samaki Mtongwe hulazimika kuzitafuta fedha hizo huku akijua kwamba mahitaji ya Januari yanamsubiri. Na mara nyingi sehemu kubwa ya mchango wake huishia katika kitu kimoja tu, nacho ni keki.

Keki ya kuagizwa, iliyopakwa krimu na kuandikwa jina la shule, huuzwa kwa kilo. Kilo moja hutoa vipande kumi au kumi na viwili vya kiasi. Darasa lenye watoto 50, ambalo si kubwa katika shule za umma, lingehitaji kilo nne hadi tano. Kwa kuwa fedha hazifiki huko, hununuliwa keki ya kilo mbili, na hesabu ya kinachofuata ni nyepesi: gramu 2,000 zikigawanywa kwa watoto 50, kila mmoja hupata gramu 40. Kipande hicho humalizika kwa tonge moja. Picha hupigwa, keki huisha, na mchango wa wazazi huwa umekwisha pamoja nayo.

Hata hivyo, uchungu wa sherehe hizi hauko katika udogo wa kipande bali katika orodha ya majina. Palipo na mchango hapakosi orodha ya waliotoa na wasiotoa, na iwapo wasimamizi hawakuwa waangalifu, mtoto asiyelipiwa ndiye huambiwa akae kando au abaki nyumbani siku hiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 29, inaruhusu shule ya umma itoze malipo mengine kwa idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini inasema wazi kwamba hakuna mtoto atakayekatazwa kuhudhuria shule kwa sababu malipo hayo hayakutolewa. Inataka pia kila anayekusanya fedha atoe risiti rasmi. Sheria haikutaja sahani ya kaimati, lakini ni vigumu kuamini kwamba walioitunga walikusudia mtoto asimame dirishani akiwatazama wenzake wakila.

Kwa sababu hiyo, kamati inayopanga sherehe yafaa ianze kwa kuuliza ni watoto wangapi watakaokuwepo, wawe wamelipiwa au hawakulipiwa, kabla ya kuuliza ni fedha ngapi zilizopatikana. Baada ya hapo ndipo itafute kitu kinachoweza kugawanywa sawasawa kwa wote. Wakazi wa Pwani hawahitaji kwenda mbali kukitafuta, kwa maana mapishi ya kwao yana vitamutamu vingi vinavyotokana na unga, mchele, nazi na sukari, na karibu vyote huhesabika kwa kipande.

Tuchukue mfano wa darasa hilo hilo la watoto 50. Kamati ikiamua kila mtoto apate kaimati tatu, zitahitajika kaimati 150. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa takriban kaimati 120 ndogo, ingawa mengi hutegemea mkono wa mpishi, kwa hivyo kilo moja na robo itatosha. Unga huo huvurugwa na hamira na maji ya uvuguvugu, au tui kwa anayetaka ladha zaidi, ukaachwa uumuke kwa muda wa saa moja hivi, kisha hudondolewa kwenye mafuta ya moto na kukaangwa hadi uwe rangi ya dhahabu. Shira ya kilo moja ya sukari na nusu lita ya maji, iliyotiwa iliki, inatosha kuzigeuza zote.

Gharama inayosahaulika katika kaimati ni mafuta. Karai halikubali mafuta haba, na kwa kiasi hicho cha unga itabidi lita moja na nusu au zaidi iwemo ndani, hata kama sehemu yake itabaki. Mafuta yaliyobaki yaweza kuchujwa na kutumiwa tena mara moja, lakini yakishakuwa meusi na kutoa moshi upesi hayafai kumpikia mtoto wala mtu mzima.

Kashata haina tatizo hilo. Nazi nne zilizokunwa na kilo moja ya sukari hutoa vipande 50 na vichache vya akiba. Sukari huchemshwa na maji kidogo hadi shira iwe nzito, nazi ikamiminwa pamoja na iliki, kisha mchanganyiko hukorogwa bila kuachwa hadi uanze kuachana na sufuria. Hutandazwa kwenye sinia lililopakwa mafuta na kukatwa ungali na joto, kwani ukipoa kisu hakipiti na vipande huvunjika ovyo. Faida kubwa ya kashata ni kwamba yaweza kupikwa siku moja kabla na isiharibike.

Kashata ya njugu yataka uangalifu zaidi. Njugu nzima zinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitano, na wapo watoto ambao miili yao haizikubali kabisa, kiasi cha kuvimba uso na kushindwa kupumua. Mwalimu wa darasa ndiye anayepaswa kuwauliza wazazi mapema. Zaidi ya hayo, njugu zilizohifadhiwa penye unyevu huota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kukaangwa. Njugu iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye uchungu ni ya kutupwa. Kwa watoto wa chekechea, kashata ya nazi ni salama zaidi, mradi vipande viwe vidogo na laini.

Kamati inayotaka kitu cha kukatwa mbele ya wageni, ili wazazi wapate picha yao, ina mkate wa sinia. Mchele huloweka usiku kucha, husagwa pamoja na tui zito, hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha hupikwa taratibu na kupaliwa makaa juu ya kifuniko. Kilo moja ya mchele na nusu kilo ya sukari hutoa masinia matatu ya kiasi, na kila sinia likikatwa vipande 18 watapatikana watoto 54. Hauhitaji joko wala umeme. Mkate wa mayai nao hupendwa na watoto kwa kuwa unafanana na keki, lakini mayai hupandisha gharama, kwa hivyo hufaa darasa dogo.

Ukijumlisha kaimati, kashata na mkate wa sinia vya mfano huu, sukari yote ni kilo mbili na nusu. Kiasi hicho ni cha kuangaliwa kwa makini, kwani bei ya sukari nchini hupanda na kushuka bila taarifa. Mwaka 2023 kilo moja ilivuka shilingi 200 madukani, na waliokuwa wamepanga sherehe kwa bei za mwaka uliotangulia walijikuta pungufu. Ni busara bei ziulizwe wiki mbili kabla ya sherehe, na sukari, unga na mafuta vinunuliwe pamoja kwa jumla badala ya kila mzazi kuleta pakiti yake.

Kuhusu mahali pa kununua, wakazi wa Kisauni wana soko la jumla la Kongowea karibu nao. Wa Likoni wanaweza kuvuka kwa feri hadi Marikiti kisiwani bila nauli, maana atembeaye kwa miguu halipi, lakini kurudi na gunia kichwani katikati ya umati wa jioni si jambo la kutamanika. Nazi hawana haja ya kuzivukia, kwa kuwa zile zinazotoka Kwale hupitia Likoni kabla ya kufika kisiwani. Changamwe, maduka ya Magongo huwatosha wengi.

Jambo linalotaka tahadhari kuliko yote ni barafu. Hakuna kitamutamu cha bei nafuu kuliko maji ya ukwaju au ubuyu yaliyotiwa sukari na kugandishwa, na katika joto la Mombasa hakuna kinachopokewa kwa shangwe zaidi. Lakini yapo mambo mawili yaliyobadilisha mambo. La kwanza ni marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa Kenya tarehe 28 Agosti, 2017. Barafu za zamani zilizofungwa kwenye vifuko vyembamba haziruhusiwi tena, na shule haipaswi kuonekana ikivigawa. Vikombe vidogo vya bati au vya plastiki ngumu, vinavyooshwa na kutumiwa tena, hufanya kazi hiyo vizuri.

La pili ni maji yenyewe. Maji ya mfereji huadimika mara kwa mara katika mitaa mingi, na familia nyingi hutegemea visima au mitungi ya wauzaji wa mikokoteni ambao haijulikani waliyachota wapi. Wako wanaodhani kwamba kugandisha maji huua vijidudu. Sivyo. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo huweza kustahimili baridi, na barafu inapoyeyuka huendelea na shughuli zao. Mlipuko wa kipindupindu ulioikumba Kenya kuanzia Oktoba 2022 ulihusishwa mwanzoni na sherehe ya harusi huko Limuru, katika Kaunti ya Kiambu, jambo linaloonyesha jinsi chakula na maji ya shughuli moja vinavyoweza kuleta maafa. Maji ya barafu au ya sharubati ni lazima yachemshwe kabisa, yapozwe yakiwa yamefunikwa, kisha ndipo yatiwe ukwaju. Pasipo na uhakika wa hilo, afadhali barafu iachwe.

Tui nalo halina subira. Katika joto na unyevunyevu wa Pwani, tui lililokamuliwa asubuhi laweza kuchacha kabla ya jioni, kwa hivyo vyote vyenye tui bichi au tui lililochemshwa kidogo tu vipikwe siku ile ile ya sherehe na kuliwa baada ya saa chache. Hii ndiyo sababu ratiba huwa na uzito sawa na bajeti. Kashata zipikwe jana yake, mchele ulowekwe usiku, mkate wa sinia upikwe alfajiri, na kaimati ziwe za mwisho kukaangwa, kwani zikikaa sana ndani ya shira hulainika na kupoteza ule ukavu wa nje.

Swali la nani apike lina jibu ambalo kamati nyingi hulipita. Karibu kila mtaa, kuanzia Shika Adabu hadi Mtopanga na Chaani, hakukosi mama anayekaanga mahamri asubuhi na kaimati jioni mbele ya nyumba yake. Mama huyo tayari ana karai, jiko, na hesabu kichwani ya unga unaotoa vipande vingapi. Kamati inaweza kumnunulia vifaa na kumlipa ujira wa kupika, au kuagiza kwake kwa bei ya jumla. Kwa njia zote mbili fedha za wazazi hubaki mtaani. Mzazi asiye na mchango wa fedha naye hupata nafasi ya kuchangia kwa kukuna nazi, kuleta kuni au kuosha vikombe, na jina lake likaingia katika orodha bila aibu.

Wapo watakaosema kwamba vitu vyote hivi ni sukari tupu, na hawakosei. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa chakula cha siku nzima, na watoto hawakuondolewa katika ushauri huo. Kaimati tatu, kashata moja na kipande cha mkate katika siku moja ya mwaka si balaa, lakini soda juu yake haina sababu. Tikitimaji moja kubwa hukatwa vipande vingi, na ndizi haihitaji hata kisu. Sherehe zinazofanyika Novemba au Desemba hukutana na msimu wa maembe, ambapo kamati yenye akili yaweza kupunguza sukari kwa nusu na hakuna mtoto atakayelalamika. Madrasa nyingi, ambazo hufunga kabla ya mwezi wa Ramadhani, hutegemea matunda ya msimu wao.

Siku yenyewe, ugawaji ufanywe darasani kabla ya wageni kuhudumiwa, kila mtoto akiwa ameketi mahali pake na sahani yake, badala ya kupangwa foleni mbele ya meza. Penye foleni wakubwa huwatangulia wadogo, na wa mwisho hukuta shira. Hesabu iongezwe sehemu tano au sita juu ya idadi ya darasa, maana hapana sherehe ya watoto Likoni wala Kisauni ambayo mdogo wake mtu hakufuatana na dada yake, naye hawezi kurudishwa nyumbani mikono mitupu.