Aliyetiwa Hatiani na Haki ya Bunduki: Sababu ya Hukumu ni Kosa au ni Hatari?

Mwaka 1995 mtu mmoja wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, alikiri mahakamani kwamba maelezo aliyotoa kuhusu kipato cha nyumba yake ili apate msaada wa chakula wa serikali yalikuwa ya uongo. Msaada wenyewe ulikuwa dola 2,458. Alizirudisha, akatozwa faini, akawekwa chini ya uangalizi miaka mitatu, wala hakufungwa. Baadaye alitaka kununua bunduki, akakataliwa. Sheria ya shirikisho haitazami adhabu aliyopewa mtu, bali ile ambayo angeweza kupewa, na kosa lake lilikuwa na kifungo cha hadi miaka mitano.

Marufuku hii haikuanza ikiwa pana hivi. Mwaka 1938 iliwahusu waliotiwa hatiani kwa makosa ya kutumia nguvu. Mwaka 1961 ikapanuliwa kwa wenye makosa makubwa yote, na sheria ya 1968 ikakataza hata kumiliki tu. Nayo ni ya maisha. Ulikuwapo mlango wa kuomba kuondolewa, lakini tangu 1992 Bunge liliinyima fedha idara iliyopaswa kusikiliza maombi hayo. Mlango ukabaki umeandikwa vitabuni na umetiwa kufuli, mpaka mwaka 2025 Wizara ya Sheria ilipoanza kuufungua tena.

Upande wa pili kuna Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanayotaja haki ya watu kuwa na silaha. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ilisema haki hiyo ni ya mtu binafsi. Jaji Scalia, aliyeandika hukumu hiyo, akaongeza kwamba haigusi marufuku za muda mrefu dhidi ya wahalifu waliotiwa hatiani. Kisha mwaka 2022 Jaji Thomas akaandika kwamba serikali ikitaka kumzuia mtu silaha ionyeshe mfano wake katika historia ya nchi.

Aliyesoma usuli ataitambua njia hii mara moja. Ni kiyasi: kuna asili, kuna tawi, na yote yanasimama juu ya illa, yaani sababu inayoibeba hukumu. Zamani mtu wa hatari alinyang'anywa silaha. Hiyo ndiyo asili. Aliyedanganya kuhusu kipato ni tawi. Je, illa inayowaunganisha ni ipi?

Amy Coney Barrett, akiwa bado jaji wa rufaa mwaka 2019, alijibu katika rai yake ya kupinga wenzake kwamba illa ni hatari, wala si jina la kosa. Mawakili wa serikali husema ni kutiwa hatiani kwenyewe: kwa kuwa zamani makosa makubwa yaliadhibiwa kwa kifo, anayeweza kuondoa roho hashindwi kuondoa bunduki. Hoja hii ina nguvu masikioni kuliko katika mizani. Aliyemaliza adhabu yake zamani zile akabaki hai hakuzuiwa kupata silaha tena.

Lakini tuwe waadilifu. Mafakihi wanajua kwamba illa yafaa iwe ya dhahiri na yenye mpaka. Msafiri anapunguza sala kwa sababu ya safari, si kwa sababu ya taabu, maana taabu haipimiki. Vivyo hivyo hatari imo moyoni, na hukumu ya mahakama imo katika karatasi. Anayekosea kupima moyo wa mtu mwenye bunduki, gharama yake hulipwa na mke au jirani. Hata hivyo, rukhsa ya kumpunguzia mtu uzito ni jambo moja, na kumnyima haki maisha yake yote ni jingine. Tunaona la pili lahitaji ushahidi mzito zaidi.

Mwaka 2024, kwa majaji 8 dhidi ya 1, Mahakama Kuu ilikubali kumzuia silaha aliye chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenzi wake, pale jaji alipokwisha kuona kuwa ni tishio na zuio lina muda. Mojawapo ya mifano iliyotumika ni sheria za kale za kumtaka mwenye kutishia atoe dhamana. Aliyepinga peke yake ni Thomas, yule yule mwenye kanuni ya 2022.

Ama mtu wetu wa Pennsylvania, alishinda mwaka 2023 katika mahakama ya rufaa ya Philadelphia, Mahakama Kuu ikairudisha kesi mwaka 2024, na Desemba mwaka huo akashinda tena, majaji 13 dhidi ya 2, kwa sharti kwamba hukumu ni yake yeye tu. Mei 2025 mahakama ya rufaa ya San Francisco ikaamua kinyume: marufuku inasimama hata kwa asiyetumia nguvu. Kwa hukumu hizo mbili, karatasi ile ile ya 1995 ina maana moja mashariki mwa nchi hiyo na nyingine magharibi.