Je, Wajua? Wakisii, Bunduki na Kura

Je, wajua kwamba gavana mmoja wa Hong Kong aliwahi kuponea mkuki wa Mkisii? Geoffry Northcote, aliyetawala Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941, alikuwa ofisa kijana wa kikoloni huko Gusii, nchi ya Wakisii, shujaa Otenyo alipomchoma mkuki Januari 1908. Wakisii walimwita Nyarigoti. Yeye alipona, waliolipia ni wanakijiji. Askari wa King's African Rifles, yaani KAR, waliteketeza nyumba, wakaswaga ng'ombe na kuua watu. Wazee husimulia kwamba aliyemtia Otenyo ari ni Moraa, mwanamke mwenye maono, na kwamba kichwa cha shujaa huyo kilipelekwa Uingereza.

Septemba 1914 mji wenyewe wa Kisii uligeuka uwanja wa vita, Waingereza na Wajerumani wakipigana huku wenyeji wakitazama ugomvi usiowahusu.

Je, wajua kwamba KAR hiyohiyo ndiyo iliyozaa jeshi la Kenya huru? Vikosi vyake vya Kenya vilibadilishwa jina tu, vikaitwa Kenya Rifles. Siku 43 baada ya uhuru, Januari 24, 1964, wanajeshi wa kambi ya Lanet waliasi. Aliyeitwa kuwazima? Mwingereza, ambaye bendera yake ilikuwa imeshushwa mwezi uliotangulia.

Sasa njoo Nyamira. George Anyona, aliyekuwa mbunge wa Kitutu Mashariki, alikamatwa mwaka 1977 na kuwekwa kizuizini kwa sababu ya ulimi wake bungeni. Mwaka 1982 yeye na Jaramogi Oginga Odinga walitaka kuanzisha chama cha pili. Serikali ilimrudisha Anyona kizuizini, na Juni 9 Bunge likaibadilisha katiba: KANU pekee. Siku 53 baadaye, Agosti 1, wanajeshi wa anga wakaasi. Taifa lilipata habari kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa "Je, Huu ni Ungwana?", aliyelazimishwa kusoma tangazo hilo. Jeshi la nchi kavu liliyazima mapinduzi siku hiyohiyo. Kiongozi wa waasi, Hezekiah Ochuka, alinyongwa mwaka 1987.

Kwa maoni yangu, tarehe hizo mbili, Juni 9 na Agosti 1, zisomwe pamoja. Siwatetei walioasi; watu wengi walikufa Nairobi siku ile. Lakini mlango wa chama cha pili ulipopigwa kufuli, walioukaribia baadaye walikuja na bunduki.

Na wajua nani hasa aliyeufungua? Si mwanajeshi. Desemba 1991 Bunge lilifuta kifungu cha chama kimoja, baada ya mikutano, mahubiri, vifungo na shinikizo la wafadhili. Anyona alikuwa gerezani, amehukumiwa miaka saba kwa uchochezi. Aliachiliwa mwaka 1992, na Desemba hiyo watu wa Kitutu Masaba wakamrudisha bungeni kwa chama chake kidogo, Kenya Social Congress.

Leo Kifungu cha 241 cha Katiba ya 2010 kinasema jeshi litatumwa kurejesha amani penye ghasia kwa idhini ya Bunge la Taifa pekee. Juni 25, 2024, siku vijana waliokuwa wakiandamana walipoingia bungeni, waziri wa ulinzi alitangaza kwamba wanajeshi watawasaidia polisi. Wabunge waliridhia kesho yake. Ukikutana na mbunge wako sokoni Daraja Mbili au Keroka, muulize alisema nini siku hiyo.