Timu zilizokufa na mashirika yake

Kijana mmoja wa Uru aliniuliza juzi: "Shikamoo mjomba. Hivi Ushirika ni uwanja au ni timu?" Nilitaka kucheka, lakini swali lake ni la haki. Uwanja wa Ushirika upo hapa Moshi mjini. Timu ya Ushirika, iliyowahi kucheza ligi moja na Simba na Yanga, haipo tena.

Wala haikufa peke yake. Ziko wapi RTC Kagera, Reli ya Morogoro, Pilsner na Sigara za Dar es Salaam? Yatazame majina hayo, jibu limo ndani yake. RTC ilikuwa kampuni ya biashara ya mkoa. Reli ni shirika la reli. Pilsner ni bia, na Sigara ni kiwanda cha sigara.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mchezaji aliajiriwa na shirika, awe karani au dereva. Asubuhi kazini, jioni mazoezini. Mshahara, basi na viatu vilitoka mfuko mmoja. Timu haikuhitaji kuuliza tiketi ngapi zimeuzwa.

Kuanzia mwaka 1992 serikali ikaanza kubinafsisha mashirika ya umma. Kiwanda cha bia kilipata mbia mwaka 1993, cha sigara mwaka 1995. Wenye mitaji walikuja kutafuta faida, na timu ya mpira ni gharama.

Huku kwetu pigo lilipitia kwenye kahawa. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na vyama vya ushirika vikapoteza soko walilolishika peke yao. Mkulima aliyekuwa akifikiria kung'oa mibuni angechangia vipi nauli ya timu kwenda Songea?

Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zilipita katika misukosuko hiyo hiyo zikabaki, kwa sababu nyuma yake walikuwapo wanachama. Pamba ya Mwanza nayo ilianguka, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2024 ikiitwa Pamba Jiji. Imepata mfadhili mwingine. Siku akichoka, itakuwaje?

Tukitaka tena timu ya mlima huu, tuanze na kadi za uanachama na viingilio vyetu wenyewe. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hadi juma lijalo, kwaherini.