Sauti Kwanza, Jina la Herufi Baadaye

Sisi tuliopita chuoni twajua kwamba jina la herufi si sauti yake. Mwalimu hakutuachia "be" peke yake, bali alituimbisha: be fataha ba, be kasira bi, be dhuma bu. Kumbe ndani ya mahadhi yale mlikuwamo ufunguo wa kusoma.

Basi nilipozuru Machakos na kuona watoto wadogo wakifundishwa herufi kwa michezo, sikuona ugeni. Mmoja hushika kadi ya m, mwenziwe ya a. Wakisimama mbalimbali, kila mmoja hutamka yake: "mmm", "aaa". Wakisogeleana, sauti nazo huungana: "ma!" Mzazi apitaye dirishani atasema wanapoteza wakati. Wapi! Mtoto aliyekariri ukurasa mzima huonekana msomaji, mpaka aonyeshwe mstari asiopata kuusikia. Hapo hubainika kuwa lililokuwa likisoma ni sikio, si jicho.

Huko Ukambani liko jambo jingine. Kiswahili kina irabu 5. Kikamba kina 7, na zile 2 za ziada huandikwa kwa alama juu ya i na u, kama katika "mũtĩ", yaani mti. Sisi twaujua uzito wa jambo hili. Mwandiko wetu wa kale wa herufi za Kiarabu ulikuwa na alama 3 kwa irabu 5, hata "chuma" na "choma" yakaandikwa sawasawa. Mtu mzima huamua kwa maana, mtoto je?

Ndiyo sababu lastahili kukumbukwa jaribio la mradi wa PRIMR wa Wizara ya Elimu, lililofanywa Machakos na Bungoma mwaka 2013 na 2014. Watoto wa darasa la 1 na la 2 walifundishwa kusoma Kikamba na Kibukusu, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Katika kusoma lugha ya mama, waliwapita wenzao wa madarasa ya kawaida. Lakini mpango wa Tusome, ulioenezwa nchi nzima tangu 2015, ulishika Kiswahili na Kiingereza tu.

Langu ni hili: mchezo wa sauti hufaa pale sauti yenyewe imo kinywani mwa mtoto. Nasi wa pwani, tunaopenda Kiswahili chetu kienee, tusione uchungu Mkamba mdogo akianza kwa Kikamba. Akishajua kuunga sauti za mamake, zetu hazitamshinda.