Dafodili za Kwanza Mezani

Wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki, hasa wale waliosoma katika shule za misheni, walipata kusimama darasani na kukariri shairi la William Wordsworth juu ya maua ya dafodili, lakini ni wachache mno waliowahi kuliona ua lenyewe. Shairi hilo lilichapishwa mwaka 1807, na maua yanayosifiwa ndani yake Wordsworth aliyaona akiwa na dada yake Dorothy kando ya ziwa Ullswater, tarehe 15 Aprili 1802. Kukariri sifa za kitu usichokijua ni sawa na kusifu pilau ya arusi ambayo hukualikwa. Basi yafaa tulieleze ua hili, na kwa nini Mwingereza akichuma la kwanza bustanini mwake hulipokea nyumbani kama apokeavyo mgeni wa heshima.

Dafodili haipandwi kwa mbegu, bali kwa tunguu lifananalo sana na kitunguu cha kupikia. Hufukiwa udongoni mwezi wa Septemba, nalo hukaa humo majira yote ya baridi. Baridi hiyo si adui yake. Tunguu lisipopata majuma mengi ya baridi halitoi ua, na hii ndiyo sababu dafodili haistawi katika nchi zetu zenye joto. Nako Uingereza mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na miti mingi husimama mitupu bila jani hata moja. Mtu aliyekaa miezi mitatu katika giza la namna hiyo, halafu akaona rangi ya manjano ikichomoza ardhini mwezi wa Februari au Machi, hana haja ya kufundishwa shairi. Watu wa Wales hulivaa ua hili kifuani tarehe 1 Machi, siku ya Mtakatifu David.

Wajuzi hawangoji ua lichanue. Hulichuma lingali limejikunja, likiwa limeinamisha kichwa na kuanza kuonyesha rangi, maana litafunguka lenyewe ndani ya nyumba. Sehemu nyeupe iliyo chini ya kikonyo hukatwa, kwa kuwa hainywi maji vizuri. Lakini jambo kubwa ni ute. Kikonyo cha dafodili kikikatwa hutoa ute wenye kuteleza, nao ukiingia katika maji ya maua mengine, kama waridi au tulipu, huyafupishia maisha. Kwa hiyo dafodili huwekwa kwanza peke yake katika ndoo ya maji usiku mzima, kisha huhamishwa bila kukatwa tena, kwani kila ukikata ute huanza upya. Chomboni hutiwa maji machache tu, nacho huwekwa mbali na moto. Ndani ya nyumba yenye joto kali maua hunyauka upesi.

Juu ya kuyapanga, mabingwa hawapatani. Constance Spry, mama aliyesimamia maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II mwaka 1953, alijulikana kwa kutumia vyombo vya jikoni na matawi ya porini pale ambapo wengine walidai vyombo vya fahari. Kwa maoni yangu alikuwa na haki. Jagi la udongo, vikonyo vyenye urefu usiolingana, na vijiti viwili vitatu vyenye machipukizi vyatosha kabisa. Dafodili zikibanwa kama askari gwarideni hupoteza uzuri wao wote.

Wazee wa mashambani walikuwa na miiko yao pia. Kuingiza dafodili moja tu nyumbani kulihesabiwa kuwa nuksi. Sharti liwe fungu. Pengine mama wa nyumba alikataa kabisa maua hayo wakati kuku wake walipokuwa wakiatamia, asije akakosa vifaranga. Msomaji asicheke, maana miiko ya kuku haikosi kwetu pia.

Hatari ya kweli ni nyingine. Tunguu la dafodili lina sumu, na mlaji wake hutapika sana. Mwaka 2009, huko Suffolk, watoto wa shule waliugua baada ya tunguu moja kuingia katika supu yao pamoja na vitunguu. Mwaka 2015 wakuu wa afya wa Uingereza waliyaomba maduka makubwa yasiweke dafodili karibu na mboga. Ajabu ni kwamba mmea huu huu hutoa galantamini, dawa wapewayo wagonjwa waliopotewa na kumbukumbu, na kwa ajili hiyo hulimwa katika milima ya Wales.

Wakati wa baridi, kabla dafodili hazijatoka, waridi nyingi zinazopambwa katika nyumba za Uingereza hutoka Kenya, zikiwa zimekatwa kando ya ziwa Naivasha na kupelekwa kwa ndege. Dafodili, kwa upande wake, Mwingereza hulima mwenyewe. Naye akiisha kuchuma, haruhusu mtu kukata majani yaliyobaki bustanini kwa muda wa majuma sita hivi, hata yakilala chini na kuchukiza macho, kwa kuwa majani hayo ndiyo yanayolilisha tunguu kwa ajili ya mwaka ujao.