Gari la Paa la Kukunja kwa Nusu Bei: Nusu Nyingine Iko Wapi?

Mkazi wa Makambako hana haja ya kwenda Dar es Salaam kuona magari yaliyoshuka melini. Yanampitia mlangoni. Barabara ya TANZAM inakatiza mjini, na madereva wa IT, yaani magari yanayopita tu nchini kwenda nje, huyapitisha hapo kwa misafara, mengine usukani kulia, mengine kushoto, kuelekea Tunduma na kuvuka kwenda Zambia na Congo. Yale ya Malawi hukata kona kwenda Kasumulu. Mara mojamoja katikati ya msafara hupita kigari cha viti viwili chenye paa la turubai. Vijana husimama kukitazama. Simu hutolewa mfukoni, bei hutafutwa mtandaoni, na hapo ndipo mshangao huanza, kwa kuwa baadhi ya magari hayo huuzwa nusu ya bei ya wenzake wa mwaka uleule.

Sababu huwa imeandikwa kwa herufi ndogo. Gari limepata ajali au limezama, kampuni ya bima ikaona kulitengeneza ni hasara, ikamlipa mwenye gari fidia yake na kuyauza mabaki mnadani. Mtu akayanunua, akayanyoosha, akayapiga rangi. Sasa yanaitwa gari tena.

Marekani ina utaratibu wake kwa magari ya namna hiyo. Hati ya umiliki hupigwa alama ya kuonyesha kwamba gari lilishahesabiwa mabaki, na likitengenezwa na kukaguliwa hupewa alama nyingine ya gari lililojengwa upya. Shida ni kwamba kila jimbo lina kipimo chake. Texas hulihesabu gari kuwa mabaki pale gharama za matengenezo zinapozidi thamani nzima ya gari. Florida hukomea asilimia 80. Wajanja waligundua mapema kwamba gari likihamishwa jimbo, alama inaweza kupotelea njiani. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1992 iliagiza kuanzishwa kwa kanzidata ya taifa ya hati za magari, ingawa wanunuzi wa kawaida walifunguliwa mlango wa kuitazama mwaka 2009. Baada ya kimbunga Harvey cha mwaka 2017, magari yaliyoharibiwa na maji yalikadiriwa kufikia nusu milioni. Mengi ya mabaki ya Marekani husafirishwa hadi Sharjah na Dubai, hutengenezwa huko, kisha huuzwa kwenye nchi zinazotumia usukani wa kushoto.

Uingereza, ambako usukani ni wa kulia kama kwetu, imeyagawa mabaki kwa herufi A, B, S na N tangu Oktoba 2017. A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani kamwe. S ni gari lililoumia kwenye mifupa yake. N halikuumia mifupa.

Lakini magari mengi yanayoingia Tanzania hutoka Japan, na Japan karatasi ya kutafuta ni ripoti ya mnada. Gari zuri hupewa 4 au 4.5, la wastani 3.5, na lililowahi kuumia mifupa kisha likatengenezwa huandikwa R au RA. Pembeni huwa na mchoro wa gari wenye alama: W ni mahali paliponyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mnunuzi makini aelewe jambo moja hapa. Kwa Wajapani, gari lililobadilishwa boneti, bampa au mlango si gari la ajali. Ajali ni pale nguzo, sakafu, paa au mihimili inapoguswa. Kwa hiyo wakala anayesema gari lake halina historia ya ajali huenda anasema kweli, na bado gari hilo liliwahi kugongwa.

Likishafika nchini na kupewa namba, habari hizo zote hubaki nyuma. Kadi ya TRA ina jina la mwenye gari, namba ya chasisi, namba ya injini, rangi na mwaka wa kutengenezwa. Ajali haimo. Ndivyo ilivyo pia kwa magari yanayogongwa hapahapa: kampuni za bima huyauza mabaki kwa zabuni, fundi huyafufua, na miezi michache baadaye dalali anayanadi kama namba E iliyotunzwa vizuri na mama mmoja wa Mbezi.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi huifanya wakiwa wamechelewa. Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika huuliza aina ya gari, modeli, umbo, mwaka, nchi lilikotoka, mafuta na ukubwa wa injini. Hakiulizi kama liligongwa. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, gari lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa ajili ya uzee, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Ukizijumlisha, kodi ya gari kuukuu inakaribia kulingana na thamani ambayo mfumo umelipangia. Aliyenunua gari la R kwa nusu bei analipa kodi sawa na aliyenunua zima. Nafuu aliyoipata Yokohama inamezwa Dar es Salaam kabla hajanunua hata taa.

Je, kuna ubaya gani hasa kwa gari la kukunja paa, kuliko Noah au IST iliyogongwa? Jibu linaonekana vizuri ukilinganisha na gari la wazi ambalo Nyanda za Juu Kusini zimelizoea miaka nenda rudi, yaani Land Rover 109 ya turubai. Gari hilo limekaa juu ya fremu nene ya chuma. Vua turubai, vua milango, hata kioo cha mbele ukipenda. Fremu iko palepale, na fundi wa kuchomelea wa Njombe anaweza kuishughulikia. Gari dogo la kisasa halina fremu ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na paa la chuma ni sehemu ya mifupa hiyo. Kiwanda kikiliondoa paa hulazimika kuhamishia nguvu kwenye sakafu, kwenye vizingiti vya chini ya milango na kwenye fremu ya kioo cha mbele. Vizingiti hivyo vikikatwa na kuchomelewa ovyo, hakuna paa la kusaidia. Gari hujipinda kwenye matuta, milango hugoma kufunga, na likipinduka mtu yuko peke yake.

Maji nayo yana uonevu wake. Magari mengi ya aina hii yana mifereji myembamba inayotoa maji ya mvua pembeni mwa paa. Ikiziba, maji huingia sakafuni na kwenye buti, na katika modeli nyingi zenye paa la umeme pampu ya paa imewekwa humohumo kwenye buti.

Chukua mfano wa Mazda MX-5, ambalo Wajapani waliliita Eunos Roadster. Lilianza kuuzwa 1989, na kufikia Aprili 2016 yalikuwa yametengenezwa milioni moja, kwa hiyo ndilo mnunuzi atakalokutana nalo kirahisi. Kabla ya kulipa, aende na fundi bodi. Fundi injini peke yake hatoshi. Nati za boneti na madigadi zenye mikwaruzo zimeguswa na spana. Nafasi kati ya mlango na bodi iwe sawa juu hadi chini. Sumaku iliyofungwa kitambaa haishiki vizuri penye pati nene, ila isiwekwe kwenye boneti ya Roadster ya zamani, ambayo ni ya alumini tangu kiwandani. Wapo waliolisusa gari zima kwa kosa hilo. Gari liinuliwe kwa jeki upande mmoja, kisha mlango ufunguliwe na kufungwa: kulegalega kidogo ni kawaida, kukwama si kawaida. Mkanda wa kiti uvutwe hadi mwisho, maana tope la mafuriko hujificha pale ambapo hakuna anayefua. Swichi ikifunguliwa, taa ya eabegi iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeing'oa ili isiseme kwamba mfuko ulishapasuka.

Kwa watu wa Makambako kuna mtego wa ziada. Gari la IT lililopata ajali njiani bado liko chini ya dhamana ya forodha. Anayeuziwa kwa bei ya kutupwa bila kodi kulipwa amenunua magendo, na gari hilo haliwezi kusajiliwa kwa jina lake. Namba ya chasisi ihakikiwe TRA kwanza, na mkataba uandikwe mbele ya wakili ukitaja wazi kama gari limewahi kupata ajali au la. Sentensi hiyo moja ndiyo itakayomsaidia mnunuzi akilazimika kudai.

Kwa anayeishi Mdandu, mkoani Njombe, hata gari la paa la kukunja lisilo na kovu ni la shida. Lina uvungu mfupi na turubai jembamba, na huko mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, tena Juni na Julai baridi ya Njombe haimruhusu mtu kukunja paa. Mwenye fedha za namna hiyo na shamba la viazi atanufaika zaidi na pikapu. Anayelitaka kwa biashara ya kukodisha kwenye harusi za mjini, atafute la 3.5 au 4, aachane na R na RA, na adai ripoti ya mnada pamoja na namba ya chasisi kabla ya kutuma amana. Wakala akikataa kuvitoa, atafute mwingine.