Mtoto ni amana: tunamkabidhi nani?

Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama mwenye meza yake sokoni hana hata hizo. Siku zikiisha, huja swali: mtoto abaki na nani? Wapo wanaomtegemea bibi, wapo wanaotafuta msichana wa kazi, na wapo wanaompeleka mtoto katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana.

Kumpatia mtoto mlezi si haramu. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, Allah (S.W.) amewaruhusu wazazi kumtafutia mtoto mnyonyeshaji mwingine, kwa sharti la kumlipa haki yake kwa wema. Mtume wetu mwenyewe alinyonyeshwa na kulelewa na Bi Halima as-Saadiyya. Basi mama anayetoka kutafuta riziki ya halali asilaumiwe. Linalotazamwa ni namna ya kuchagua, na hilo si la mama peke yake. Baba naye ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Kipimo tunakipata katika Surat al-Qasas, aya ya 26. Binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa (A.S.), alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wala hakusema kwa kusikia. Alikwisha kumwona Musa akiwanyweshea wanyama wao bila ya kudai malipo.

Nguvu katika malezi ni uwezo: kuitambua homa, kuandaa chakula safi, kusubiri mtoto anapolia. Uaminifu ni vile mlezi atakavyomtendea mtoto mlango ukishafungwa. Bibi huenda akawa mwaminifu kuliko wote, lakini magoti yake hayawezi kumkimbilia mtoto wa miaka miwili anayeliendea jiko la mkaa. Tusimtwike mzigo huo kwa kuwa tu hadai mshahara.

Ama kituo, tuingie ndani tukione watoto wakiwamo. Mlezi mmoja ana watoto wangapi? Wanalala wapi? Choo kikoje? Nani anaruhusiwa kuja kumchukua mtoto? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe, basi tuombe kuona cheti, na tukiwa na shaka tumuulize Afisa Ustawi wa Jamii. Jina la Kiislamu langoni halichukui nafasi ya ukaguzi huo.

Kwa msichana wa kazi ndipo wengi wetu tunapodhulumu. Huagizwa kijijini binti wa miaka 12 au 13, akakabidhiwa mtoto mchanga, jiko na nguo za nyumba nzima. Huyo naye ni mtoto. Sheria hiyo ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuilia masomo. Vipi tumlinde mtoto wetu kwa kumdhulumu mtoto wa mwenzetu? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, walishwe tunachokula na wasibebeshwe wasichokiweza. Aliyetimia umri apewe ujira kwa wakati, mapumziko, na mahali pa staha pa kulala, wala asiachwe faragha na mwanamume asiye maharimu wake.

Tukishachagua, kazi haijaisha. Mama yake Musa (A.S.) alipomtia mwanawe mtoni kwa amri ya Mola wake, alimtuma dada yake amfuatilie kwa mbali. Nabii Zakariya (A.S.), mlezi wa Bi Maryam, kila alipoingia mihrabuni na kukuta chakula alimuuliza kimetoka wapi. Nasi tuulize kila jioni: ulikula nini, ulicheza na nani, nani alikuogesha? Asiyejua kusema, mwili wake husema. Tutazame alama mwilini, woga wa ghafla kwa mlezi, au usingizi usio wa kawaida. Tukiona madhara tumtoe mtoto hapo na tutoe taarifa, hata kama aliyeyafanya ni jamaa. Muhali tunaomwonea mtu mzima hulipwa na mtoto.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu na wa wenzetu, na atujaalie kuitimiza amana hii. Amin.

Wabillahi tawfiq.